Eldoret, Ambako Mafuta ya Nazi Huganda

Chupa ya mafuta ya nazi hupakiwa Mombasa ikiwa maji matupu, na ikishushwa Eldoret imekwisha kuganda. Mafuta hayo hushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mji huu uliokaa kwenye mwinuko wa mita 2,100 huamka chini ya kiwango hicho karibu kila siku ya mwaka. Mgeni huigonga chupa kiganjani, akaiminya, mwisho akachokoa mdomo wake kwa kijiti cha kiberiti. Mwenyeji huisimamisha ndani ya kikombe cha maji moto, akaenda zake kuanika nguo.

Urembo wa vitu vya jikoni umezoeleka kuonekana jambo la mkato. Kijiko cha asali, nusu ya parachichi, yai moja. Changanya, paka, subiri nusu saa, osha. Maelekezo ya namna hiyo hupita mdomo kwa mdomo na mara nyingi hayana uongo. Yamekosa tu mahali. Hayasemi maji ya kuoshea yana joto gani, hewa ni kavu kiasi gani, wala nywele zenyewe ni za nani. Wanawake ninaowavulia kofia hapa Eldoret ni wale wanaoyaziba mapengo hayo kwa mikono yao bila kuandika chochote: msusi wa barazani mtaani Langas, mama wa Kapsoya anayeyeyusha nta jikoni, kogo wa kijijini, yaani nyanya, ambaye hujua samli imeiva kwa kuisikiliza.

Kwanza ujue wanapambana na nini. Januari na Februari, mahindi yakiwa yameshavunwa na mashamba ya Uasin Gishu yamebaki mabua, upepo mkavu hupita bila wa kuuzuia. Ngozi hupauka kabla ya saa nne asubuhi. Midomo hupasuka, visigino huota magaga. Nywele za kipilipili ndizo huumia zaidi, maana mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye unywele uliojikunja; shina hupata, ncha hukosa. Juu ya hayo kuna jua. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hivyo mtu wa Eldoret aliyejifunga sweta hupigwa na miale hiyo kwa kiasi cha moja ya tano zaidi ya aliye ufukweni Mombasa chini ya anga kama ile. Baridi humdanganya. Hahisi kuungua, basi hajifuniki.

Jibu la kwanza la nyumba nyingi si la asili hata kidogo, nami sioni haja ya kulificha. Ni Arimis, mafuta ya kukamulia, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wa maziwa, Wakenya wakayahamishia usoni, mikononi na kwenye miguu ya watoto wa shule. Asili yake ni petroli. Utani kuhusu mafuta ya ng'ombe haujawahi kuisha na haujawahi kumzuia mtu kuyanunua. Nayataja kwa sababu ndipo unapomtambua ajuaye na asiyejua. Mafuta yoyote, yawe ya petroli, ya nazi au ya maziwa, hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyopo yasitoroke. Asiyejua hujifuta kwa taulo mpaka akauke kau, akavaa, akanywa chai, ndipo akakumbuka kujipaka, na hapo anafungia ukavu ndani. Ajuaye hupaka mwili ukiwa bado na matone, mafuta kidogo tu, akiyasugua kwanza viganjani yapate joto. Watoto hulia kwa baridi, naye haachi mpaka amalize. Huo ndio msingi wa yote mengine, na haugharimu hata senti.

Kabla ya mikebe ya dukani kulikuwa na siagi. Katika nyumba za Wakalenjin, kibuyu cha maziwa, sotet, husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito wa mtende uliopondwa ncha ukawa brashi, kisha hupakwa makaa ya mti wa senetwet, ndipo maziwa hutiwa yakae mpaka yawe mursik. Mursik imejulikana duniani kwa sababu wanariadha hunyweshwa wakirudi na medali, kamera zikiwatazama. Siagi haina kamera. Lakini kwenye koito, siku familia mbili zinapokubaliana ndoa, siagi ndiyo inayopakwa watu kuwa baraka, na mimi naamini kitu hakipandi cheo kufikia hapo kama hakikuwa kwanza na kazi ya kila siku.

Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi. Iliyobaki ni maji na masalia ya maziwa. Ukijipaka hivyo hivyo haichukui siku nyingi kabla haijachacha, na wewe pamoja nayo. Kwa hiyo hupikwa iwe samli, na upishi huo ni kazi ya masikio. Nilimtazama kogo mmoja akiipika kwenye jiko la makaa huku akichambua maharagwe, mgongo akiipa sufuria. Siagi ikishayeyuka hupiga kelele, hutema, hupasuka-pasuka: ni maji yanayotoka. Kelele hupungua taratibu. Inafika mahali inabaki sauti nyembamba ya mfululizo, na povu la juu limekuwa vipovu vidogo vidogo. Hapo ndipo alipogeuka na kuepua. Chini kulikuwa na mashapo ya kahawia hafifu. Angechelewa kidogo yangekuwa meusi, na harufu ya kuungua ingekaa kichwani mwa mtu wiki nzima. Akaichuja kwa kitambaa kikavu, kwenye chupa kavu; kijiko kilicholowa hakikuruhusiwa kusogea karibu, maana tone moja la maji hurudisha tatizo lile lile aliloshinda akilifukuza.

Nikamuuliza, "Kogo, unajuaje?"

"Inanyamaza," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Samli nzuri hulainisha magaga kuliko mafuta mengi ya bei, mradi miguu ilowekwe kwanza, ipakwe, ivalishwe soksi, mtu alale. Kasoro yake ni harufu. Ukipanda matatu asubuhi na samli kichwani, watu watajua. Ndiyo maana wengine huitia matawi ya rosemeri, mmea uliojaa kwenye nyua za nyumba za hapa, wakaiacha karibu na moto mdogo mpaka ivute harufu. Siku hizi rosemeri inasifiwa kwamba huotesha nywele. Kuna utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2015 uliolinganisha mafuta ya rosemeri na dawa ya minoksidili ya asilimia 2 kwa miezi 6, matokeo yakakaribiana. Lakini yale yalikuwa mafuta yaliyokenekwa, wagonjwa wenyewe walikuwa na upara wa kurithi, na tawi lililotumbukizwa kwenye samli ni jambo jingine. Wanunue harufu, hiyo wanaipata kwa uhakika.

Sasa nifike kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, ute wa kitani.

Nyanda hizi zilikijua kitani kwa sura nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kizungu wa nyanda za juu za Kenya walikipanda kwa ajili ya nyuzi. Bei ikapaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaporomoka, wengi wakabaki na madeni. Mbegu haikuwa na maana kubwa kwao. Leo mbegu hizo za kahawia, bapa, zinazong'aa, huuzwa kwa vipimo vidogo pamoja na nafaka na viungo, na msusi wa Langas hununua za wiki moja tu. Huzimwaga kiganjani kabla ya kulipa, akazinusa. Mbegu iliyozeeka hunuka rangi ya mbao, na si ajabu, kwa kuwa mafuta ya kitani ndiyo yaliyotumika tangu zamani kuchanganyia rangi.

Robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji. Hapo maelekezo ya watu wengine huongeza dakika: saba, kumi. Yeye hana saa jikoni, na kwa mwinuko huu ana haki. Maji ya Eldoret huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100, ndiyo maana githeri ya hapa hula makaa mengi, na ndiyo maana dakika za mtu wa pwani hazimfai. Yeye hukoroga. Mwanzoni mbegu hulala chini na maji hubaki meupe. Asipokoroga hushika sufuria, zikishika zinaungua, zikiungua ute wote unapata rangi na harufu. Baadaye maji huanza kuwa mazito kwa namna ambayo mkono huijua kabla ya jicho: mwiko unakuwa mvivu. Povu jeupe linapanda kutoka pembeni.

Msichana aliyekuja kusukwa alikuwa ameshafumua nywele na kukaa kwenye kigoda, kitana mkononi. "Auntie, si iko tayari?"

"Bado, mrembo. Hayo ni maji tu."

Huinua mwiko na kutazama kinachodondoka. Kikidondoka tone kwa tone, bado. Matone yakianza kufuatana, amekaribia. Yanapoungana yakawa uzi mmoja unaoning'inia na kurudi juu kidogo ukikatika, kama ute wa yai, anaepua papo hapo. Kabla ya hapo ute hautashika nywele. Baada ya hapo hautachujika. Nafasi iliyo katikati ni fupi sana. Na kazi haijaisha, maana ute wa kitani huendelea kuwa mzito unavyopoa. Ukiuacha upoe na mbegu zake ndani umepoteza mbegu, maji na makaa. Hakuna chujio litakalozitenganisha. Lazima uchujwe ungali wa moto, na wa moto haushikiki.

Hapa ndipo inapoingia stokingi kuukuu, iliyofuliwa ikachemshwa. Chujio la chai lina matundu makubwa mno kwa maganda na madogo mno kwa ute, stokingi hutanuka. Huivisha kwenye mdomo wa jagi, akamimina, akaikunja juu na kuifunga fundo. Kisha huikamua kwa vijiko viwili vya mbao, kimoja upande huu, kimoja upande huu, akiviteremsha pamoja kutoka kwenye fundo hadi chini. Ute hutoka kwa mikupuo, mng'avu, wenye rangi ya dhahabu hafifu. Huvipandisha tena vijiko, akateremsha. Sijawahi kumwona akikamua kwa pupa. Ukikaza sana stokingi hupasuka, au inaruhusu vumbi la maganda lipite, na vumbi hilo likikauka kwenye nywele nyeusi huonekana mba.

Mapato ya shughuli yote ni kikombe kimoja na ushei.

Hupaka kwenye nywele zilizolowa, hapo tena kanuni ile ya maji kwanza. Huzigawa mafungu, kila fungu likapata ute wa kijiko cha chai, vidole vikapita kutoka shina hadi ncha mpaka mikunjo ijipange yenyewe. Zikikauka hukakamaa, na hapo ndipo wasiojua hukata tamaa wakaziosha. Yeye husubiri zikauke kabisa, akadondosha matone mawili ya mafuta ya nazi viganjani, akazifinya taratibu kutoka chini kwenda juu. Ukakamavu huvunjika, mikunjo inabaki. Nimeona makopo ya bei kubwa yanayoahidi jambo hilo hilo, na mengine hulitimiza. Ila kopo halikufundishi kulisikia kwa mkono.

Yale mafuta ya nazi yenyewe yana siri inayojulikana pwani tangu jadi: hupakwa kabla ya kuosha nywele, si baada tu. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea nywele zikioshwa, huku ya alizeti na ya petroli yakishindwa. Sababu ni umbo: molekuli zake ni ndogo na nyoofu, hivyo hupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Mafuta yaliyoganda hayapenyi popote, hukaa juu yakiwa vipande vyeupe. Kikombe cha maji moto basi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mshubiri nao una adabu yake. Kwa Kikalenjin ni tangaratwet, na ukiteremka bonde la Kerio kwenda Baringo utauona umejiotea kwenye mawe. Huo wa porini haukatwi ovyo; mwaka 1986 amri ya rais ilipiga marufuku kuuvuna kwa biashara, baada ya watu kuukamua hovyo kwa ajili ya utomvu wake. Wa kwenye kopo nje ya mlango ndio wa kutumia. Jani likikatwa hutoa kwanza maji ya manjano, machungu, yanayowasha ngozi ya wengi na kumharisha anayeyameza. Watu wa haraka hulichana papo hapo wakajipaka yote mawili, usiku wakajikuna wakisema mshubiri umewakataa. Anayejua hulisimamisha jani ndani ya glasi, mkato ukiangalia chini, akaliacha mpaka umanjano uishe, akaliosha, akachuna ganda pande zote na kubaki na nyama ile angavu tu. Hiyo hupondwa na kutumika siku hiyo hiyo.

Mama wa Kapsoya yeye ni mtu wa nta. Asali ya Baringo na ya Kerio hufika mjini kwa madumu, na mara nyingine masega yenyewe, na akishaikamua asali hubaki na nta ambayo wengi huitupa. Huichemsha kwenye maji, akaichuja kwa kipande cha leso, akaiacha igande juu. Takataka hubaki chini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hivyo haiwekwi motoni moja kwa moja, bali kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji. Mafuta yakichanganywa nayo huwa marhamu ya midomo na magaga. Swali ni kiasi. Maelekezo mengi husema sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta. Kwa asubuhi za Eldoret hiyo hutoka ngumu, kidole kinateleza juu yake bila kuchukua kitu. Yeye huweka moja kwa sita. Dada yake anayeishi Lodwar akiagiza, hurudi kwenye moja kwa nne, au hupunguza mafuta zaidi, la sivyo kikopo kitafika kimekuwa mchuzi. Hapimi kwa mizani. Huchovya kijiko cha chuma kilichokuwa nje kwenye baridi, akakiacha kidogo, akakwangua kwa ukucha. Ukucha ukizama wote, anaongeza nta. Usipozama, mafuta. Vijana wanaokimbia alfajiri barabara za kuelekea Iten, mwinuko wa mita 2,400, ndio wateja wake wa kweli: midomo, makwapa na mapaja yanayosuguana.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa sifa zake zimezidi kazi yake. Parachichi ni zuri, lina mafuta mengi na Kenya imejaa, lakini lisipopitishwa kwenye chujio huacha vipande vinavyokauka kichwani. Ndizi ni mbaya zaidi. Aliyewahi kuisaga na kujipaka anajua alivyokaa siku mbili akichomoa nyuzi. Maji ya mchele yana umaarufu kutoka kijiji cha Huangluo nchini China, kwa wanawake wa Kiyao wenye nywele ndefu mno. Yakitumiwa kwa kiasi huzipa nywele mwili, yakitumiwa kila siku huzifanya kavu na rahisi kukatika. Yai ni bora liliwe. Protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na ute wake huanza kushikana kwenye nyuzi 60 na kitu. Maji ya kuoga yaliyochanganywa vizuri hayafiki huko, ila ya birika yaliyomiminwa na mtu anayetetemeka kwa baridi hufika, na hapo utasugua kichwa mpaka jioni.

Limau sitalipitia haraka. Lina pH ya 2 hivi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo tu, kwenye 5 hivi. Kupaka limau usoni ukatoka nje kwenye jua la mwinuko huu ni kujichoma, maana ndimu na malimau yana kemikali zinazoamshwa na mwanga, zikatoa malengelenge na madoa meusi yanayodumu miezi. Anayelipaka ili aondoe madoa huyaongeza. Soda ya kuokea nayo ina kosa la upande wa pili, hubomoa uchachu wa ngozi. Dawa ya meno kwenye chunusi, sina la kusema. Naelewa yanakotoka. Mwaka 1998 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, na krimu hizo hazijaacha kupenya. Anayezikimbia huona chochote cha jikoni ni salama kwa kuwa ni cha asili. Mafundi ninaowasifu hawana imani hiyo. Msusi wa Langas akiulizwa habari ya kung'arisha uso hujibu, "Mimi nang'arisha sufuria," na mazungumzo yanaishia hapo.

Wivu wangu mmoja ni kwa pwani. Unguja na Lamu ufundi huu una mwalimu na una siku yake. Bi harusi husingwa kwa singo, liwa husagwa juu ya jiwe la msio kwa marashi ya mawaridi, na somo humwonyesha mwari kila hatua, kwa heshima na kwa nyimbo. Majani ya mkunazi hupondwa yakatoa povu la kuoshea nywele. Anayeyajua mambo hayo huitwa kwa cheo chake na hulipwa. Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, kazi ya aina hiyo hiyo hufanywa Jumamosi kati ya kufua na kupika, na aliyeifanya akiulizwa anafanya kazi gani atasema hana kazi.

Msusi wa Langas hamtii mteja mpya kitu chochote kichwani siku ya kwanza. Humpaka kidogo ndani ya kiwiko, akamwambia aende alale nacho. Wengine huudhika, wametoka mbali, wamelipa boda, na saluni iliyo barabarani ingewasuka saa hiyo hiyo. Huwaacha waende. Wanaorudi kesho yake na ngozi isiyowasha huwakalisha kwenye kigoda. Wakitaka ute wa kubeba nyumbani huwapa wa wiki moja tu, kwa kuwa hauna dawa ya kuuhifadhi, na wasio na friji huwapa wa siku mbili. Chupa waje nayo wenyewe, imechemshwa, na kifuniko chake pia; akiinusa akakuta harufu ya mafuta ya kupikia, huirudisha.